Pumzi Baada ya Mstari wa Tatu

Bugarama, Ngara
Jumatano jioni

Mwanangu Gervas,

Kesho asubuhi utaniamkia shikamoo, nitaitikia marahaba, halafu utapanda lori uende vitani. Hatutasema neno lingine, maana wewe na mimi tunajuana. Tangu ulipoanza kunyoa ndevu mazungumzo yetu yamekuwa juu ya sauti ya nne ya kwaya na juu ya mbuzi, basi. Ndiyo maana nimebaki hapa darasani baada ya kwaya kutawanyika, vidole bado vina chaki, nikuandikie wakati mwanga wa dirishani ungalipo. Barua hii nitaikunja niiweke ndani ya kiatu chako cha kulia. Huwezi kuondoka bila kukivaa, kwa hiyo utaisoma kabla lori halijafika, na ni lazima uisome kabla.

Habari za blanketi, za dawa ya malaria na za kutokunywa maji ya bwawa, mama yako atakueleza. Anazijua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu wimbo.

Jumapili tulipotoka misani ulinishika mkono nje ya kanisa, ukasema, "Baba, nimejiandikisha." Nikakuuliza nani amekulazimisha. Ukasema hakuna. "Ila kila nikiuimba ule wimbo wako naona aibu kubaki." Unakumbuka nilivyokujibu? Nilikuambia usikose mazoezi ya Jumatano. Mtoto ananiambia anakwenda vitani, mimi namwambia habari za mazoezi! Nimejitukana kwa jibu lile kila siku tangu hapo. Lakini ndivyo nilivyo. Nikishikwa na hofu hukimbilia kwaya, kwa sababu huko najua la kufanya na mikono yangu.

Sikuandikii ili nikuzuie. Adui ameingia nchini mwetu, amechoma nyumba za watu, amewatoa mashambani kwao ng'ambo ya Mto Kagera, na mto ule ndio huuhuu unaopita hapa kwetu Rusumo. Nchi lazima ilindwe, na haiwezi kulindwa na watoto wa wengine peke yao. Hilo nalijua. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Sijui kama anayekwenda kesho ni wewe, au ni wimbo wangu tu unaotembea kwa miguu yako.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Ulipokuwa bado mgongoni kwa mama yako, nilipelekwa chuo cha ualimu. Mwalimu wa muziki pale alikuwa mzee kutoka Ufini, mrefu, mwembamba, masikio yamekuwa mekundu kwa jua letu. Tulimwita Bwana Uma, kwa sababu mfukoni hakukosa uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili ambacho mimi hukigonga gotini ili kwaya ipate sauti ya kuanzia. Hicho unachokijua ndicho chake. Alinipa yeye.

Pale chuoni alionekana mzee wa kawaida tu, anakula ugali kwa kijiko na kuzunguka na baiskeli isiyo na breki. Kwao alikuwa mtu mkubwa. Alizaliwa katika nchi ya misitu na maziwa, ambako baridi ikizidi ziwa huwa gumu na watu huvuka kwa miguu. Alipotuambia hivyo tulicheka, tukadhani anatufanya wajinga. Baba yake alipiga kinanda kanisani, naye akakikalia kile kinanda miguu haijafika chini. Akiwa kijana akaongoza kwaya ya mji wake, kisha kundi kubwa la wapiga fidla na tarumbeta, kisha muziki wa redio. Na kutunga! Misa, nyimbo za watoto, nyimbo za harusi, michezo mizima ya kuimbwa, hata nyimbo za kufungulia madaraja. Alitunga kama mtu anayekimbizwa. Alituambia kwamba mke wake alihifadhi makaratasi yake katika masanduku ya viazi, na masanduku yalipojaa, viazi ndivyo vilivyokosa pa kulala.

Nilimpenda yule mzee. Niwe mkweli, nilitaka kuwa yeye. Wenzangu walitaka kuwa wakaguzi wa shule, mimi nilitaka masanduku ya viazi.

Siku ya kufunga chuo aliniita nyumbani kwake tukanywa chai. Hapo aliniambia jambo ambalo nimelielewa mwaka huu tu. Alipokuwa kijana nchi yao ilivamiwa na jirani mkubwa. Wakubwa wa mji wakamwomba wimbo wa kuwaaga askari, naye akautunga kwa jioni moja. Kwaya yake ikauimba stesheni ya treni. Wanaume wa kwaya ile, sauti ya tatu na ya nne, waliimba, kisha wakapanda treni ileile. Vita vilipokwisha akawaita watu wa kwaya warudi. Wanawake walikuja. Wanaume hawakutimiza hata benchi moja. Basi akaanza kutunga nyimbo za sauti za wanawake peke yao, mwaka baada ya mwaka, na magazeti ya kwao yakamsifu kwamba amebuni namna mpya ya muziki.

"Walisema ni ufundi," aliniambia, akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Mimi sikuwa na wanaume tu."

Sasa sikiliza ujinga wa baba yako. Mtu mzima amenifungulia kidonda chake, nami, kijana wa Bugarama mwenye shati jipya, nikamuuliza, "Huo wimbo wa stesheni, mwalimu, unaweza kunifundisha?" Katika maneno yote yale nilichosikia ni kwamba wimbo unaweza kupandisha watu treni.

Akasema, "Wimbo ule hauna kosa hata moja. Ndiyo taabu yake." Halafu, wakati ananipa ule uma pale mlangoni, akaongeza, "Mwongozaji huiona midomo ya wanaoimba. Wanaosikiliza wako nyuma ya mgongo wake. Usiwasahau hao." Niliporudi bwenini niliwaambia wenzangu kwamba Bwana Uma amenifundisha kusimama. Mgongo unyooke, niliwaambia, watu wote wanautazama.

Basi nikarudi nyumbani nimenyoosha mgongo. Unajua yaliyofuata, umekulia ndani yake. Nimetunga wimbo wa kuchuma kahawa, wimbo wa kuchimba vyoo, wimbo wa kisomo cha watu wazima, nyimbo za Kwaresima na za Pasaka, wimbo wa kumpokea kila mgeni aliyeshuka kwenye gari hata kama alikuja kuuliza njia. Jina langu likafika Mbuba, likafika Biharamulo. Watu wa Lusahunga waliwahi kuniletea mbuzi niwatungie wao pia. Nilipenda, na nisipokuambia hilo barua hii haina maana.

Kisha ikaja amri ya serikali ya watu wote kuhamia vijiji vya ujamaa. Mwenyekiti wetu, unamjua anavyosema, alikuja hapahapa darasani. "Mwarimu," akasema, "watu wamekuwa wagumu. Tupe wimbo. Wimbo unaingia pahari amri haiingii." Nikampa. Tukawa tunatangulia na kwaya, magari yanafuata nyuma, nyumba kwa nyumba.

Bibi yako alikuwa amekataa. Alikaa mlangoni pa rugo lake, ule uzio wa boma, nyuma yake migomba ya babu yako, na chini ya migomba kaburi la babu yako. Mgambo walimbembeleza, kisha wakamtisha, akawaambia warudi na jeneza. Ndipo kwaya ikafika. Nikaanzisha mimi, kwaya ikapokea, nami nikiwa nimempa mama yangu mgongo, macho yangu yote kwa sauti ya kwanza kwa sababu siku ile walikuwa wanashuka chini ya noti. Tulipomaliza nikageuka. Nilimkuta ameshakaa kwenye lori na jiwe lake la kusagia mapajani. Nilifurahi, Gervas. Nilisema moyoni, wimbo umemshinda hata mama.

Miaka miwili baadaye, akiwa mgonjwa, aliniambia mwenyewe. "Maneno sikuyasikia. Niliisikia sauti yako, nikadhani unaniita mimi." Hakupanda mgomba hata mmoja huku kijijini. Tulimzika mbali na mumewe, na wewe ndiye uliyebeba msalaba. Uliniuliza njiani kwa nini tusimrudishe kule kwake, nikakuambia unyamaze. Sikukukasirikia wewe, mwanangu.

Ungedhani mtu aliyeambiwa hivyo na mama yake angeiweka mikono mfukoni. Mimi niliendelea. Na vita vilipoanza, mwenyekiti akaja tena, nikampa wimbo huu uliokushika. Niliutunga kwa jioni moja. Na nikufunulie jinsi nilivyoutengeneza, maana wewe ni mwimbaji utaelewa. Sikuweka mahali pa kuvuta pumzi. Mstari unaushika mkia mstari mwenzake mpaka mwisho. Mnaiba pumzi mmoja mmoja, mwenzako akiimba, na wimbo wenyewe hausimami. Haikuwa bahati mbaya. Mtu akipata nafasi ya kupumua hupata nafasi ya kufikiri, na mimi nilitaka wimbo wa watu wasiofikiri mara mbili. Hauna kosa hata moja.

Siku kundi la kwanza lilipoondoka, Laurian, mwenzako wa mstari wa nyuma, aliimba nusu ya wimbo akiwa chini na nusu akiwa juu ya lori. Wewe ulikuwapo. Unakumbuka kwamba sauti ya tatu walianza kuukimbiza wimbo? Mimi nakumbuka hilo kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Nikawakazia macho, nikawashusha kwa mkono wa kushoto, wakatulia, tukafunga vizuri sana. Kisha nikageuka nipokee makofi. Lori lilikuwa limeshakata kona, limebaki vumbi. Kijana niliyemfundisha do-re-mi tangu darasa la tatu ameondoka, nami uso wake sikuuona. Mama yake, Koleta, alikuwa bado anapunga kitenge, anapungia vumbi.

Habari ya Laurian ilipokuja, nilijifungia ndani nikingoja Koleta aje kunitukana. Alikuja. Hakunitukana. Alisimama uani akasema, "Mwalimu, mtungie mwenzetu wimbo, asiende kimya." Ingekuwa nafuu angenipiga. Nikamtungia. Na katikati ya kutunga nilipata sauti ya pili inayoshuka polepole, nzuri kweli, nikajikuta natabasamu. Mtoto wa watu amekufa, mimi natabasamu kwa sababu ya sauti ya pili. Hapo nikamkumbuka Bwana Uma na masanduku yake, nikajua alichokuwa anakikimbia. Niliweka kalamu chini nikaenda kukata majani ya mbuzi, na mama yako akashangaa kwa nini nalia nikikata majani.

Hata hivyo wimbo wa vita sikuuzuia. Kila Jumatano tuliufanyia mazoezi, kila Jumapili baada ya misa tuliuimba uwanjani, na wewe ukiwa mstari wa nyuma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ulikuwa wimbo mzuri mpaka uliponishika mkono nje ya kanisa.

Mama yako hajanisemesha tangu siku hiyo, ila mara moja. Jana, anamenya ndizi, hakuinua hata macho. "Umemwimbia mwenyewe mpaka ametoka," alisema. "Sasa mwimbie abaki." Nilitoka nje nikautafuta wimbo huo. Nilizunguka nao zizini, nikazunguka nao shambani. Nimetunga nyimbo za kila kitu chini ya jua, na wa namna hiyo sikuupata.

Na leo mchana mwenyekiti amepita. "Mwarimu, kesho saa mbiri rori litakuwa hapa uwanjani. Kwaya iwe tayari, ule ule wimbo."

Nikamwambia, "Gervas wangu yumo."

"Ndiyo vizuri!" akasema, na akanipiga bega kwa furaha ya kweli, si mtu mbaya. "Watu waone mwarimu naye ametoa."

Ametoa. Neno hilo nimekaa nalo tangu mchana.

Mwanangu, sijui vita. Sina la kukufundisha juu ya bunduki, na atakayekufundisha ni mtu wa kazi hiyo, msikilize. Ninalolijua ni hili dogo. Huko utaogopa. Katika wimbo wangu hakuna mtu anayeogopa, nilimtoa mapema kwa sababu alikuwa ananiharibia mwendo. Ukimkuta huyo mtu ndani yako usidhani umekuwa mwoga au umetusaliti. Alikuwapo tangu zamani, ni mimi tu niliyemfuta ubaoni. Na ukikutana huko na wimbo mwingine usio na mahali pa kupumua, wa kwetu au wa nani, upumue hivyohivyo. Wewe pumua tu, hata kama wenzako wanaendelea.

Sasa lile jambo lenyewe. Jioni hii, kwenye mazoezi, uliona nimefuta kidogo ubaoni nikaweka pumzi baada ya mstari wa tatu, kwaya nzima inyamaze. Ukanyoosha mkono ukauliza kwa nini, wimbo tunaujua hivi siku zote. Nikajibu kwamba sauti ya tatu wanakosa hewa. Nilikudanganya mbele ya watu. Sauti ya tatu wana hewa ya kutosha, wanavyopiga kelele wale. Pumzi ile nimekuwekea wewe.

Kesho sitaongoza. Nitagonga uma, nitawapa sauti ya kuanzia, kisha Adela wa sauti ya kwanza atashika nafasi yangu. Nimeshamwambia, na amekubali, ingawa alinitazama kama anayetaka kunipima homa. Mimi nitakwenda mstari wa nyuma, mahali pako, kando ya ngoma. Anayesimama pale hulitazama lori. Nilimpa mgongo mama yangu, nikampa Laurian mgongo. Wewe sikupi. Mwenyekiti atashangaa, na ashangae.

Utakuwa juu ya lori na wenzako. Wataimba mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha watanyamaza. Hapo unitazame. Utasikia injini, utasikia watoto wa shule, pengine utamsikia mama yako, siwezi kumfunga yeye mdomo. Mimi hutanisikia. Nitanyamaza kabisa, nisikusukume wala nisikuvute, kwa maana nimeshakusukuma vya kutosha. Hujavaa sare bado, hujala kiapo. Kama katika ukimya ule miguu yako itataka kushuka, shuka, uje usimame kando yangu, na atakayekucheka kijiji hiki nitajibizana naye mimi. Kama itataka kubaki, baki. Nitajua kwamba umekwenda mwenyewe, na nitaweza kuishi na kukungoja. Sauti yako nitaishika mimi mpaka urudi. Unajua noti za chini zinanishinda, utanicheka ukirudi.

Nakupenda, Gervas. Nimetafuta kwenye nyimbo zangu zote, neno hilo sijaliandika hata mara moja, sijui ni kwa nini.

Kuna jambo moja nimemwagiza Adela, na ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Pumzi ile asiihesabu. Mikono yake ibaki juu, mstari wa nne usianze mpaka wewe uwe umeshuka, au umeninyooshea mkono kwamba unakwenda. Hata jua likipanda, hata dereva akipiga honi, watangoja.

Ni mimi, baba yako, kutoka mstari wa nyuma.